Waacheni Wabadili Giaboksi



Kuna neno limeenea siku hizi katika mikusanyiko yetu ya huku Marekani, hasa miongoni mwa wale ndugu ambao Mungu amewajaalia gereji ya kuegesha magari mawili, nao wakaingia katika raha ya kununua pikapu za zamani. Neno lenyewe ni kwamba pikapu ya mwaka 1950 ikitolewa giaboksi yake ya kiwandani na kuwekwa ya gia tano, basi imeharibiwa. Haina thamani tena, haina heshima tena, na aliyeifanya kazi hiyo ni mharibifu. Limesemwa kwa ukali, tena na watu tunaowaheshimu. Sisi tunalipinga, na tutalipinga kwa hesabu, kwa sababu katika jambo hili hesabu zipo na hazimpendelei mtu.

Tuseme kwanza tunazungumzia gari gani, maana "pikapu ya zamani" ni jina pana mno. Tuchukue ile inayopendwa kuliko zote, Chevrolet 3100 ya nusu tani, iliyotengenezwa kuanzia kiangazi cha 1947 hadi mwanzoni mwa 1955. Msomaji ataijua kwa mabega yake ya mviringo na uso wa mistari mitano ya chuma. Nyingi zilitoka kiwandani na gia tatu za usukani. Wenzetu waliokulia nyumbani watakumbuka gia za usukani kutoka kwenye Peugeot 404, ile iliyoshinda Safari Rally mara nne katika miaka ya 60. Mkono uko chini ya usukani, na kazi unaifanya kama mtu anayepiga pampu ya maji ya kisima kidogo.

Sasa hesabu. Difu ya 3100 ina uwiano wa 4.11, maana yake propela inazunguka mara 4.11 ili gurudumu lizunguke mara moja. Gia ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho, ni moja kwa moja: injini ikizunguka mara moja, propela nayo mara moja. Tairi la asili lina kipenyo cha inchi 28 hivi, kwa hiyo katika maili moja gurudumu linazunguka mara 720. Ukiendesha maili 60 kwa saa, karibu kilomita 97, gurudumu linazunguka mara 720 kwa dakika, na injini mara 2,960. Injini hiyo, ile ya inchi za ujazo 216, ilitoa nguvu zake zote, farasi 90, kwenye mizunguko 3,300 hivi. Maana yake ukifika maili 67 umefika ukomo wa pumzi yake. Na injini yenyewe haikuumbwa kwa mateso hayo. Beringi za konrodi zake ni za madini laini yaliyomiminwa, na badala ya oili kusukumwa hadi ndani yake kwa presha, kuna vijiko vidogo chini ya konrodi vinavyoichota oili vikipita. Ni mpango mzuri kwa mkulima wa Iowa anayepeleka maziwa mjini kwa maili 35. Kwa mtu anayetoka Columbus kwenda kumwona shemeji yake Cincinnati, huku lori la matairi 18 likimpigia honi nyuma, ni mpango wa kununua injini nyingine.

Sheria ya barabara kuu za Marekani, zile wanazoziita Interstate, ilitiwa saini na Rais Eisenhower mwaka 1956. Pikapu hii ilikuwa imeshaacha kutengenezwa. Ndiyo kusema waliobuni giaboksi yake hawakuwahi kuiona barabara ambayo leo tunataka ipite. Hawakukosea kitu, walibuni kwa ajili ya barabara waliyokuwa nayo. Barabara ndiyo iliyobadilika. Anayesema giaboksi isiguswe anatuambia, bila kujijua, kwamba gari lisitoke nje ya mtaa.

Wenzetu wanajibu kwamba uasili ni uasili. Hebu tuwaulize: uasili upi? Mnunuzi wa mwaka 1949 aliyeingia dukani aliweza kuongeza pesa akapewa giaboksi nyingine kabisa, ya gia nne zenye mkono wa sakafuni, ile iitwayo SM420. Gia yake ya kwanza ni 7.05, nzito kiasi kwamba pikapu isiyo na mzigo huondoka kwa gia ya pili. Magari mawili ya rangi moja na mwaka mmoja yalitoka kiwanda kimoja na giaboksi mbili tofauti, moja mkono juu na moja mkono chini. Na mwaka 1955, kwenye umbo jipya lililofuata, Chevrolet wenyewe walianza kuuza ovadrive kwa hiari katika pikapu za nusu tani, ili injini ipumue kwenye mwendo wa kasi. Kiwanda chenyewe kiliiona dosari na kikaitafutia dawa. Leo mtu akitafuta dawa hiyo hiyo anaambiwa amekufuru!

Lakini hilo silo linalotuuma zaidi.

Wengi wetu tuliosomea uhandisi ughaibuni katika miaka ya 90 tulitoka katika nchi ambazo kubadili giaboksi kulikuwa kazi ya kila siku. Miaka ya mwanzo ya 80, Tanzania ilipokaukiwa fedha za kigeni, spea ya Land Rover ilikuwa kama dhahabu. Land Rover za Series II zilikuwa na sinkronaiza kwenye gia ya tatu na ya nne tu. Ya kwanza na ya pili zilimtaka dereva akanyage klachi mara mbili na kusikiliza injini kwa sikio, na asiyejua alisaga meno mpaka yakaisha. Yakiisha, mafundi wa Gerezani kule Dar es Salaam, wa Grogan kule Nairobi, wa Katwe kule Kampala, hawakukaa kusubiri meli kutoka Uingereza. Walichukua injini na giaboksi ya gari la Kijapani lililopinduka, wakapima kwa kamba, kwa rula ya chuma na kwa macho, wakachonga bamba la kuunganishia kwa msumeno wa mkono na tupa, na gari likarudi kazini kubeba wagonjwa na magunia. Sisi tulikuja kusoma vyuoni, kwa michoro na kwa fomula, kile ambacho wazee wale walikuwa wakikifanya wakiwa wamelala chali juu ya boksi la karatasi.

Na tuliita nini kazi ile? Tuliiita ubabaishaji. Tuliiita kulipua. Mpaka leo ukimwambia Mswahili aliyeishi huku miaka 20 kwamba fulani ameunganisha giaboksi ya Toyota kwenye Land Rover, anacheka na kusema, "Bongo hiyo!" Kisha Jumamosi anakwenda kwenye maonyesho ya magari ya kale, anamkuta Mzungu mwenye ndevu nyeupe amefanya jambo lile lile kwenye pikapu iliyopakwa rangi ya kung'aa, anapiga picha naye na kumwita msanii. Sasa kijana wetu akijaribu, hapewi hata usanii. Anaambiwa arudishe vitu vya watu vilivyokuwa. Tulimshuhudia kijana mmoja, amejiwekea giaboksi kwa mikono yake katika majira mawili ya baridi, kazi safi, mzee mmoja wa makamo yetu akamwambia mbele za watu kwamba "amelichinja" gari. Hakuuliza hata ni giaboksi gani. Hakuinama kuangalia chini. Mtu ambaye hajawahi kushika spana anapata wapi mamlaka ya kutoa hukumu hiyo?

Sasa tukishasema hayo, tusije tukaeleweka kwamba tunamtetea kila mwenye jeki na mashine ya kuchomelea. Wapo watu wanaoharibu, tena wengi, na wanaharibu kwa sababu hawakupiga hesabu. Waswahili walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na vidonda hivi tumevikagua.

Kidonda cha kwanza ni cha yule anayetoa gia tatu na kuweka SM420 akitumaini kukimbia. Ya nne katika SM420 ni moja kwa moja, sawasawa na ya tatu katika ile aliyoitoa. Amepata gia ya kupandia ukuta, na barabarani hakuongeza hata maili moja. Wa pili ni yule anayelaumu giaboksi kwa ugonjwa wa mkono. Gia za usukani huunganishwa na giaboksi kwa fimbo na vijembe, na kila kiungo kina bushi ndogo. Miaka 70 ikipita bushi zinalika, mkono unalegea, na siku moja kwenye taa za barabarani gia mbili zinashikana na gari halitoki. Mwenye gari anakasirika, anang'oa kila kitu na kutafuta mkono wa sakafuni. Bushi na marekebisho ya nusu siku vingemtosha! Huyu hakuhitaji giaboksi. Alihitaji mtu wa kumwambia ukweli kabla hajafungua boliti ya kwanza.

Wa tatu ndiye mkubwa, na hapa tutakaa kidogo. Wengi huchukua giaboksi ya T-5 ya Borg-Warner kutoka kwenye Chevrolet S-10 ya miaka ya 80. Ni chaguo zuri. Ni nyepesi, inatosha kabisa kwa farasi 90, na mkono wake unatokea mbele, karibu na pale mguu wa dereva ulipo, kwa hiyo hauligongi benchi la kukalia. Lakini T-5 si moja. Gia ya tano ya baadhi yake ni 0.86 na ya nyingine ni 0.72, na kibati cha namba kilichofungwa kwenye boliti ya giaboksi ndicho kitakachokuambia umeshika ipi, kama bado kipo. Kwa difu ile ile ya 4.11 na maili 60 kwa saa, ya 0.72 inaishusha injini hadi mizunguko 2,130. Ya 0.86 inaishusha hadi 2,545 tu. Sasa sikiliza: meno ya difu ya 3.55, yaliyowekwa kwenye Chevrolet za saluni zenye Powerglide kati ya 1950 na 1954, yanaingia ndani ya difu ya 3100, na yanakupa 2,556 bila kuigusa giaboksi. Mtu ametumia miezi mitano na pesa zake kupata tofauti ya mizunguko 11! Tena muuzaji aliyempa giaboksi hiyo hakumwambia, kwa sababu muuzaji anauza giaboksi.

Kisha kuna propela. Katika 3100 hadi 1954 propela haionekani. Imefungwa ndani ya bomba la chuma linalotoka kwenye difu hadi nyuma ya giaboksi, na msukumo wa magurudumu ya nyuma unapita kwenye bomba hilo kulisukuma gari mbele. Ukiweka T-5, bomba halina pa kushika. Lazima propela iwe ya wazi yenye krosi mbili, na lazima ekseli ya nyuma iwe ya aina inayosukuma kupitia springi zake. Kwa hiyo anayesema "nabadili giaboksi tu" hajui anachokisema. Anabadili giaboksi, propela, difu, boriti ya chesisi inayobeba mkia wa giaboksi, na sahani ya klachi pia, kwa sababu shafti ya T-5 hiyo ina meno 14 na sahani ya zamani ilikatwa kwa meno 10. Habari njema ni kwamba akishalazimika kubadili difu, anaweza kuchagua uwiano wa kufaa. Gia ya kwanza ya 4.03, iliyo katika nyingi ya giaboksi hizo, ikikutana na difu ya 3.42 inatoa jumla ya 13.8. Ile ya asili ilikuwa 2.94 mara 4.11, yaani 12.1. Pikapu inaondoka kwa urahisi kuliko zamani, na barabarani injini inatulia. Hiyo ndiyo kazi iliyopigiwa hesabu.

Yako mengine mawili ambayo vitabu vya wauzaji huyapitia kwa mstari mmoja. Nyumba ya klachi ni lazima iwe katikati kamili ya krenki. Fundi makini hufunga saa ya kupimia kwenye flaiwili, anazungusha injini kwa mkono, na hakubali kuyumba zaidi ya elfu tano za inchi. Asiyepima atasikia gia ikiruka yenyewe, atamaliza beringi ya mbele, kisha atasema T-5 ni mbovu. La pili ni pembe za propela. Pembe ya giaboksi na pembe ya difu ziwe sawa na zikabiliane, la sivyo kuanzia maili 45 gari litatetemeka kama treni ya Reli ya Kati karibu na Kilosa wakati wa mvua.

Na bati la sakafu! Hapa hata sisi tunapandwa na hasira. Katika pikapu hizi sehemu ya sakafu juu ya giaboksi ni bati linalofunguliwa kwa skrubu. Kuna watu wanalikata kwa moto kutoboa tundu la mkono wa gia. Kwa nini? Chora umbo lake kwenye karatasi, kata bati jipya, toboa hilo jipya, na la zamani lifunge gazetini uliweke juu ya dari. Gari lisikatwe mahali ambapo pangeweza kufungwa kwa boliti. Hiyo ndiyo kanuni tunayoidai kwa kila anayetaka tumtetee, pamoja na ya pili: kila kilichotolewa, kuanzia giaboksi ya zamani hadi fimbo za usukani, kipakwe oili, kiandikwe jina, kihifadhiwe na kiuzwe pamoja na gari siku likiuzwa. Ukifanya hivyo, mpenda uasili wa mwaka 2060 atarudisha kila kitu kwa wikiendi mbili tatu na hatakuwa na la kulalamika.

Wenzetu walioko Uingereza watatuambia kwamba kwao jambo hili lina serikali ndani yake. Ni kweli, na tulitazame. Kwa miaka mingi DVLA ilikuwa na hesabu ya pointi kwa magari yaliyobadilishwa sana: chesisi 5, springi 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, injini 1, na gari lilitakiwa libaki na pointi 8 ili lisipoteze namba yake ya usajili. Toeni wenyewe. Aliyebadili giaboksi na ekseli alibaki na 10. Makarani wa Swansea, watu wasiojulikana kwa huruma, walimwona bado ana gari lile lile. Sisi ndio tunaomtoa katika umma.

Tunakubali jambo moja kwa wapinzani wetu. Ikitokea pikapu ambayo haijawahi kufunguliwa, rangi yake ya kiwandani, maili zake chache, karatasi zake zote zipo, hiyo iacheni. Gari la namna hiyo ni shahidi, linatuambia boliti ilifungwaje na rangi ilipakwa hadi wapi. Lakini ndugu zetu wangapi wanayo? Tunazoziona zimetoka mashambani Kansas na Oklahoma, zimeshabadilishwa injini mara mbili, milango ya mwaka mwingine, breki za mwaka mwingine, na waya za umeme zilizofungwa na mkulima kwa kamba ya majani makavu. Kuzungumza juu ya uasili wa giaboksi katika gari kama hilo ni kumvalisha joho mtu asiye na kanzu.

Breki tuzitaje, maana ni damu za watu. Pikapu hizi zina breki za dramu magurudumu yote manne na pampu moja yenye njia moja ya oili. Bomba moja likipasuka, pedali inakwenda sakafuni na huna breki hata ya gurudumu moja. Giaboksi mpya inakupa mwendo. Anayeweka gia ya tano na kuacha pampu ya njia moja tutasimama pamoja na wapinzani wetu kumkemea, na kwa sauti kubwa kuliko yao. Pampu ya njia mbili kwanza, gia baadaye.

Kuna jambo la mwisho ambalo wapenda uasili hawalizingatii, nalo ni watoto wetu. Ford waliacha kuweka klachi katika pikapu zao nzito za Super Duty baada ya modeli ya 2010, na Ram wakafuata baada ya 2018. Mtoto aliyezaliwa Minneapolis au Houston hana tena pa kujifunzia kukanyaga klachi, isipokuwa kwenye gari la baba. Gari la baba likiwa limefungwa turubai kwa sababu linaogopa barabara, mtoto anajifunza nini? Petroli inageuka gundi kwenye kabureta, sili zinakauka, pampu ya breki inaota kutu, na baba anaendelea kuwaambia wageni kwamba lina giaboksi yake ya asili. Mpeni kijana gari linaloweza kwenda na magari ya wenzake, alale chini yake, apime mizunguko mwenyewe, asikie gia ya tano inavyoingia.

Na kama SM420 yako ya zamani imekushinda nafasi gerejini na huna tena gari la kuirudishia, usimpe mtu wa skrepa kwa bei ya chuma. Wale wanaopanda miamba kwa magari ya magurudumu manne wanaitafuta sana kwa ajili ya ile 7.05 yake, na watakuja kuibeba wenyewe.